Mwiko wa Bi Kahonzi

Haya alinihadithia Mwanatumu mwenyewe, mwaka wa themanini na saba, tukichambua mchele wa harusi ya bintiye pale Mambrui.

Alikuwa ameshakatwa titi kwa ajili ya saratani, na hospitali kubwa ya Mombasa wakawa wanamdunga dawa ya kumaliza mabaki. Kila akitoka kudungwa hutapika hadi nyongo. Akakauka kama ng'onda. Jirani akamletea Bi Kahonzi, mganga wa miti kutoka Matsangoni. Bibi yule akampikia mizizi yake, akampa na mwiko: mwenye kuinywa asiguswe na chuma mwilini.

Dawa ikakubali. Mwanatumu akala, akarudi hata kuwatania mawifi zake. Basi siku ya sindano ya mwisho ilipofika, akakataa katakata. Sindano si chuma? Mumewe, Mbaruk, akambembeleza, akamkumbusha daktari alivyosema, kwamba asipomaliza dawa uvimbe waweza kurudi. Wapi. Mizizi ndiyo iliyomrudishia chakula, yeye aivunjie heshima?

Mbaruk akaenda Matsangoni, akitarajia kufukuzwa. Bi Kahonzi akamsikiliza mpaka mwisho, akajifunga leso, akafuatana naye.

"Mwanangu," akamwambia Mwanatumu, "mimi nimekutibu kutapika. Huo uvimbe mimi siuwezi."

"Na mwiko, mama?"

"Niliufunga mimi, nitaufungua mimi. Huko huko kwenye chuma chao."

Wakaenda Mombasa wote watatu. Bi Kahonzi akamweleza daktari mizizi yake bila kuficha. Daktari akamwomba asimpe kwanza mpaka dawa ya sindano imtoke mgonjwa mwilini. Chai ya tangawizi akairuhusu. Kisha bibi akaushika mkono wa Mwanatumu, akautemea mate ya baraka. Nesi akasonya, akausafisha upya kwa spiriti.

"Umefunguka," akasema Bi Kahonzi. "Fumba macho kama waogopa. Mimi natazama."

Sindano ikaingia.

Nyumbani Mambrui alitapika mara moja, akanywa tangawizi, kisha akaitisha wali.

"Mbaruk, nimeimaliza," akasema. "Waambie majirani."

Hakukuwa na haja ya kuwaambia. Vigelegele vilianza uani, vikazunguka mpaka nyuma ya msikiti. Bi Kahonzi alikuwa ameshaanza kukoroma mkekani, na Mbaruk naye akasinzia kitini, kofia imemwangukia puani. Mwanatumu akamaliza wali wake wote, akaramba vidole, akajilaza ubavu wake mzima, akalala.