Kistari Si Sifuri

Wifi yake ndiye aliyembandika jina la Mama Panya, na jina likamganda. Watu wengine wakimkamata panya humuua, wifi alipenda kusema. Huyu wetu humpima uzito, humvalisha hereni yenye namba, kisha humwambia nenda salama. Mama Panya alicheka pamoja nao. Kwa miaka sita alikuwa fundi wa uwandani katika utafiti wa wanyama wadogo, na kazi aliijua vilivyo: mitego themanini ya bati katika mistari minne, chambo cha karanga za kusaga, pamba kidogo ndani ili mnyama asife kwa baridi, na daftari kila alfajiri.

Lakini asubuhi alipoitwa ofisini akakuta mezani karatasi iliyoandikwa "uzembe wa fundi", kicheko kilimkauka.

Daktari, mkuu wa utafiti, hakumtazama usoni. Alieleza kwa upole kwamba mstari wa tatu ulikuwa na sifuri siku kumi na moja mfululizo. Mistari mingine panya tele, ule mmoja hata mkia. Ama panya wote walihama, ama fundi hakwenda kutega, na wafadhili wanauliza. Atie sahihi kukubali kosa, yaishe.

Mama Panya akaomba aonyeshwe hizo sifuri. Zilikuwa kwenye kompyuta, zimejipanga safi, na yeye hakuandika hata moja. Akafungua daftari lake lenye madoa ya tope. Siku zote kumi na moja zilikuwa na vistari, na pembeni neno moja: siafu. Siku moja kabla ya hizo alikuta siafu wamemla mnyama mtegoni, imebaki mifupa na hereni. Akaifunga mitego yote ishirini ya mstari ule, na kila alfajiri akarudi kuangalia kama wameondoka. Mtu fulani wa ofisini, asiyewahi kulowa umande, aliona vistari vinamchafulia jedwali, akavigeuza sifuri.

Damu ikamchemka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa, lakini hawa hata mwenye kitanda hawakumuuliza.

"Daktari, sifuri ni mtego ulikuwa wazi, ukakosa. Kistari ni fundi alifika, mtego akaufunga. Mlinifundisha nyinyi wenyewe."

Daktari akasoma daftari, akasoma tena, akajikuna shingo. Ni kweli, alikiri, ila ripoti imeshakwenda, na kuirudisha ni aibu kwa ofisi nzima. Mama atie sahihi tu, na yeye atahakikisha mkataba wake hauguswi. Asipotia, hana la kumuahidi.

Yaani aibu yao aivae yeye, tena ashukuru! Miaka sita ya kuamka kabla ya jogoo, ya kung'atwa vidole, halafu jina lake ndilo liwe tambara la kufutia meza. Mkataba aliutaka, tena sana. Akachukua kalamu, akainama, na mahali pa sahihi akachora mstari mfupi ulionyooka.

Daktari akaigeuza karatasi kwake. "Hii ni nini, mama?"

"Kistari," alisema, akilikumbatia daftari lake. "Nimefika, na nimefunga. Safari hii mtu asikigeuze."