Sarafu Isiyo na Msitu

Meya Kassian alipanda mwenyewe hadi nyumbani kumletea mama sarafu. Ilikuwa ya fedha, shilingi hamsini, ukumbusho wa mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye theluji ambayo mji wetu, Sankt Valtin, ungeyaandaa majira ya baridi. Upande mmoja mtelezaji, upande wa pili kanisa, daraja na mlima. Mama ndiye aliyekuwa mkongwe wa mji, basi apewe ya kwanza. Heshima hiyo!

Mama aliigeuzageuza dirishani.

“Kassian mwanangu, nyumba yangu iko wapi?”

“Mchongaji alibanwa na nafasi, mama.”

“Mlima mzima umeenea, kijumba changu kikakosa pa kukaa? Na msitu je?”

Kassian akainua kikombe anywe. Kilikuwa kitupu, nilikuwa sijammiminia kahawa.

Msitu ule ulikuwa wa mwiko tangu enzi za mababu. Ndio ulioshika theluji isituporomokee. Utotoni nilivunja kitawi nipambie Krismasi, nikazabwa makofi na kila jirani niliyekutana naye njiani, na nyumbani nikaongezwa. Kumbe mchongaji alipewa mchoro wa njia mpya ya watelezaji, iliyopita katikati ya msitu. Alichonga mlima kama utakavyokuwa.

Misumeno ililia vuli nzima. Aliyesimamia kazi alikuwa Romed, kaka yangu, aliyeishi na mama pale pale chini ya msitu. Nilimchukia siku zile, sitaficha.

“Mama, jina letu litajulikana dunia nzima,” alisema mezani.

“Jina letu, sawa. Na sisi wenyewe?”

“Wahandisi wameweka vizuizi vya chuma. Watu wamesoma hao!”

“Mungu alishatujengea ukuta, nyinyi mnaubomoa kisha mnaziba ufa kwa waya.”

Januari theluji ikaanguka bila kupumua. Kisha ukaja upepo wa joto unaolegeza theluji mlimani, ule ambao kwetu hata mbwa huukimbia, na paa zikaanza kudondosha maji. Nikapanda kuwachukua mama na Romed, maana mimi niliolewa huku chini karibu na daraja.

“Twendeni kwangu, hata kwa usiku huu tu.”

Romed akacheka. “Mtoto wa mlimani unaogopa theluji? Umeshakuwa mtu wa mjini, dada! Mchukue mama. Mimi nikionekana nakimbia leo, kesho nani atakuja kuteleza?”

“Romed, twende, baba,” mama alimbembeleza. Hakuwa amewahi kumbembeleza mtu maishani mwake.

“Tangulieni. Nitakuja kula kwako, dada. Pika maandazi ya jibini.”

Mama akatoa sarafu mfukoni, akamwekea mezani, upande wa mlima ukiangalia juu. Tukashuka, mimi nimemshika mkono, nyuma yetu Romed akipiga mluzi huku akipasua kuni.

Tulikuwa darajani mama aliposimama. “Mbona mluzi umekatika?” Kisha mlima ukanguruma, na upepo ukatuangusha kifudifudi.

Vumbi la theluji lilipotulia nilitazama juu. Kanisa lilikuwepo. Daraja tulikuwa juu yake. Mlima ulikuwa mweupe, laini, umenyooka hadi chini, bila mti, bila nyumba.

Mama naye alitazama. “Mchongaji alibanwa na nafasi,” alisema, kisha akaanza kumwita Romed.