Kumtoa Ogola Shimoni

Mwaka wa tisini na tatu Hiram alileta kompyuta dukani kwake Kondele, akaifunika kitambaa cha mezani kama bibi harusi. Aliinunua kutoka ofisi moja iliyofungwa, na ndani yake wenyewe walikuwa wamesahau gemu.

Gemu hiyo haikuwa ya watu waliookoka. Wewe ulikuwa shujaa, ila hujioni. Ulichoona ni mikono yako miwili, upanga, na vichochoro vya mawe vinavyoshuka ardhini ngazi kwa ngazi, hadi ya kumi. Mifupa ilitembea. Panya walilingana na mbuzi. Nyuma yako alikufuata mwenzako mmoja, uliyempa jina mwenyewe, na nyayo zake ulizisikia kwenye spika: tik, tik, tik.

Mtu mwingine angeifuta. Hiram alikuwa mtu wa Nyeri asiyetupa hata kipande cha kamba, akaigeuza kuwa mtihani.

"Taipu naziuza," aliwaambia wafanyakazi wake wawili. "Kompyuta ni moja, nataka mtu mmoja tu wa kuikalia. Mwenye atamaliza hii kitu kabla Ijumaa jioni, kazi ni yake. Yule mwingine tutaachana vizuri."

Kuachana vizuri! Waajiri wana maneno matamu.

Wafanyakazi wenyewe walikuwa Tom wa fotokopi, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyejua kila waya unaingia wapi, na Beldina, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa amepiga taipu barua za nusu ya Kondele na hakuwa na ujuzi mwingine duniani. Kila mmoja alipewa saa nzima kwa siku, na kila mmoja alihifadhi mahali pake alipofika. Tom alishaanza kumwita "Mama Taipu" na kumuuliza kama atauza mboga au samaki.

Jumatatu Beldina aliomba kabla ya kuigusa ile mashine. Kufika Jumanne alikuwa amegundua jambo. Tom alipotaka kupiga upanga aliinamisha kichwa kutafuta kitufe, na akiinua macho panya keshamla mguu. Beldina hakuwa ameangalia vitufe tangu mwaka wa themanini na mbili. Macho yake yalibaki kwa adui, vidole vikajiendea vyenyewe.

Yule mwenzake alimpa jina la Ogola. Hakufikiria sana, lilimtoka tu.

Ogola mwenyewe alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa kwao. Mwaka wa themanini na nane mtumbwi ulipinduka kati ya Uyoma na Rusinga, na ziwa likawarudisha wote isipokuwa yeye. Wazee wakafanya inavyofanywa: walikata tunda la yago, lile refu na zito, wakalivika shuka, likaliliwa usiku kucha, kisha likazikwa nyumbani Kombewa badala ya mwili wake. Beldina alilia kama wengine, na mila ni mila, hakuidharau. Lakini tunda ni tunda, na kwa miaka mitano moyo wake ulikuwa haujakubali kwamba mtu wao amefika nyumbani.

Alhamisi, ngazi ya saba, jitu la mifupa lilitokea na shoka. Beldina aliliangusha, ila alipopiga hatua ya kuendelea hakusikia tik. Aligeuka. Ogola alikuwa amelala chini, kifudifudi.

"Chukua mkate aliokuwa amebeba uende," Tom akasema nyuma ya kiti. "Mimi wangu nilimuacha ngazi ya tatu."

Beldina akabonyeza kitufe cha kubeba. Kompyuta ikamjibu kwamba mzigo ni mzito kupita kiasi. Akatupa ngao. Bado mzito. Akatupa mfuko wa dhahabu, kisha kofia ya chuma. Bado. Akatupa upanga.

"Dada! Umerogwa? Huo upanga ndio kazi yako!"

"Tom, kwenu ni wapi?"

"Ahero."

"Na huko Ahero ndugu yako akifia mbali, mnamuacha huko?"

"Lakini dada, hii ni gemu."

"Mimi nimesema sijui ni gemu?"

Akaanza kupanda, mwenge mkononi, miguu ya Ogola ikining'inia pembeni mwa skrini. Kupigana hakuweza, kwa hiyo alikimbia na kufunga milango, na pale pasipo na mlango alijibanza ukutani mpaka mifupa ipite. Saa yake iliisha akiwa ngazi ya nne. Usiku ule alijua vizuri amefanya nini: kesho ilikuwa Ijumaa, na yeye alikuwa anaondoka kule ambako Tom anakwenda.

Ijumaa Tom alianza. Aliteremka kwa fujo hadi ngazi ya kumi, na huko akakuta lango kubwa la chuma lenye minyororo miwili, mmoja kulia, mwingine kushoto. Akivuta wa kulia lango linainuka kidogo, akikimbilia wa kushoto linaanguka. Alikimbia huku na huku hadi shati likalowa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Hiram akasema huku akila mandazi yake. Tom hakucheka, na saa yake ikaisha.

Beldina akakaa. Alipanda ngazi zilizobaki, akatoka nje penye nyasi na jua la manjano. Nia yake ilikuwa kumlaza ndugu yake pazuri tu, halafu liwalo na liwe. Kando ya mlango wa shimo palikuwa na jiwe bapa ambalo yeye na Tom walilipita siku ya kwanza kwa pupa zao. Akamlaza hapo.

Spika ikalia sauti tatu. Ogola akasimama.

"Wuololo!" Beldina aliruka, kiti kikaanguka, na mteja mmoja aliyekuja kufotokopi cheti cha ubatizo akakimbilia nje. Beldina alilia mbele ya watu wote na hakuona haya hata kidogo. Kisha akainua kiti, akapangusa macho, akarudi shimoni akiokota njiani upanga wake, kofia na ngao, na nyuma yake tik, tik, tik. Dhahabu aliiacha palepale.

Kule chini yeye alishika mnyororo wa kulia, Ogola wa kushoto. Lango likapanda lote.

"Beldina," Hiram akasema akitazama saa yake, "Jumatatu saa mbili kamili." Tom alimpa mkono kiungwana. Msimwonee huruma, mwezi haukuisha kabla hajapata kazi nyingine duka la kaseti.

Jumatatu amri ya kwanza ya Hiram ilikuwa gemu ifutwe, maana inakula nafasi. Beldina aliifuta. Ila kwanza alihifadhi mahali pake kwenye disketi, akaitia mkobani, na Jumamosi akaenda nayo Kombewa kwa mama yake, Apiyo.

Alimsimulia yote wakila. Mama hakuwa ameona kompyuta maishani, lakini aliposikia habari ya mifupa alicheka, na ya dhahabu kutupwa akacheka mpaka akashika ubavu. Beldina akaitoa disketi, akaiweka mezani. Mama akaipangusa kwa pindo la leso, akaigeuzageuza.

"Nyathina, mwanangu," akauliza, "alikuwa mzito?"

"Mzito sana, mama. Nilitupa kila kitu."

Mama akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Huyo alizaliwa mzito," akasema. "Mimi ndiye najua."