Chakula cha Mjomba Bay

Mjomba Bay alipotea mwezi wa kumi, mto ukiwa umefurika na maji yamegeuka rangi ya udongo. Alizama kushona wavu uliotoboka chini ya nyumba, kazi aliyoifanya miaka yote, na hakurudi juu. Mkewe, Thoa, aliivuta kamba ikaja nyepesi, ncha yake tupu. Majirani walimtafuta kwa mashua siku kumi na nne, hadi kule mto unapopanuka. Hawakupata hata kandambili.

Nyumba yao ilielea juu ya mto Hau, na kizimba cha nyavu cha kufugia samaki kilikuwa chini ya sakafu. Kambare maelfu waliishi pale ambapo nyumba za nchi kavu zina msingi. Katikati ya sebule kulikuwa na mlango wa sakafuni: unaufungua, unamwaga chakula, unaufunga, unaendelea na shughuli zako.

Kwa kuwa maiti haikuonekana, mazishi hayakufanyika. Bibi, aliyewazaa mjomba na mama yangu, aliweka picha ya mwanawe kwenye meza ya mizimu, na kila mchana akawa anampakulia sahani yake, kama tunavyowapakulia wafu wetu wote.

Mimi nafanya kazi katika maabara ya chuo, Can Tho. Ninapasua samaki na bata wa kufugwa na kutazama kinachoendelea tumboni mwao. Mwezi wa pili Thoa alinipigia simu. Ananizidi miaka minne tu, kwa hiyo nimezoea kumwita dada.

“Samaki wanakufa, Diem. Leo tumeopoa themanini.”

“Wamekonda?”

“Wangekonda ningeelewa. Wamenenepa. Njoo tu.”

Nilifika Jumapili. Nilipasua mmoja palepale kwenye ubao wa ukumbini. Ini lake lilikuwa la njano, limejaa mafuta, linateleza chini ya kisu kama siagi. Utumbo ulikuwa mwembamba kama karatasi iliyolowa, na uchachu uliotoka humo ulinifanya nigeuze uso.

“Unawapa nini, dada?”

“Punje za kiwandani. Asubuhi na jioni. Na siku hizi hawazimalizi.”

“Hawali, halafu wananenepa?”

Thoa alichungulia jikoni, alikokuwa Bibi, kisha akasogea karibu yangu.

“Mchana wanagonga,” akasema.

“Wanagonga nini?”

“Ule mlango. Kutoka chini. Nikijilaza kwenye machela ya sebuleni tu, saa sita na nusu, nasikia du, du, du. Halafu ubao wote unatetemeka. Siku hizi naenda kulala kwa jirani Cuc. Usinicheke.”

“Sikucheki.”

“Na watu wanasema. Yule mwenye mashua ya kununua samaki ameniuliza hapa hapa, uso kwa uso: eti ni kweli hawa wamemla mwenye nyumba?”

Nilitia vipande vya utumbo kwenye vichupa, nikavifunika kwa barafu, nikarudi kazini.

Utumbo wa samaki ni kama kijiji. Wakazi wake hawaonekani kwa macho, lakini kila ukoo una kazi yake: huyu anavunja wanga, yule analinda mpaka, mwingine anatengeneza kitu ambacho samaki mwenyewe hawezi. Badilisha chakula, na baada ya majuma machache wenyeji wamehama na wageni wamejaa. Katika vichupa vile wenyeji walikuwa wamekwisha. Wageni niliowaona niliwafahamu, ila si kwa samaki. Ni wale wanaoishi kwenye mitungi ya wali unaochachushwa ili kupata pombe.

Jumamosi iliyofuata nilipanda mashua tena. Njiani ilinibidi nipite ukumbini kwa Cuc, jirani anayetengeneza gongo ya mchele. Aliniona na ndoo zangu akaanza.

“Daktari wa matumbo, mwambie bibi yako anioe kabisa. Kila siku anakuja na sufuria kuchukua machicha yangu ya gongo. Ana nguruwe gani mtoni? Au amepata mume mpya mlevi?”

“Kila siku?”

“Kila siku ya Mungu. Na wali wa kunata ananunua kwa yule wa mashua ya soko, mwingi mpaka jirani yangu anauliza nani anaolewa.”

Nilicheka ili nisionyeshe jambo. Mchana ulipofika Thoa akaenda kwa Cuc kulala. Mimi nilijilaza kwenye machela, nikafumba macho nusu. Mto wote ulinyamaza, hata injini hazikusikika. Bibi alikuwa jikoni.

Saa sita na nusu kugonga kukaanza. Du. Kimya. Du, du. Nilijua ni samaki. Nilijua kwamba samaki aliyezoeshwa kulishwa saa fulani huja mwenyewe saa ile na kugonga kwa kichwa. Hata hivyo nywele zilinisimama, maana mgongo wangu ulikuwa dhiraa moja tu kutoka ubao ule, na kule kugonga kulikuwa kama kwa mtu anayetaka kufunguliwa.

Bibi alitoka jikoni na beseni. Alipiga magoti, akafungua mlango, akagonga ukingo kwa kijiko mara tatu.

“Bay,” akaita kwa sauti ya mezani. “Njoo ule, mwanangu. Leo kuna nyama iliyopikwa kwa maji ya dafu.”

Maji yalichemka kwa migongo. Akamimina wali wa kunata, nyama ya nguruwe yenye mafuta, machicha. Alimimina taratibu, akiangalia kila mdomo umepata.

Niliinuka. Hakushtuka.

“Umeniona,” akasema. “Basi kaa chini.”

“Bibi, kwa nini unafanya hivi?”

“Sahani ya mezani nzi wanakula. Huku anakula mwenyewe.”

“Mjomba alichukuliwa na mto.”

“Nani alimwona akichukuliwa?” Aliendelea kumimina. “Si wewe ulinieleza, mwaka uliopata ile shahada yako? Ulisema samaki akila kitu, vile vijidudu vya tumboni vinakivunja, na baada ya siku chache kimekuwa nyama yake na mafuta yake. Ulisema hakipotei. Nilikusikiliza, mjukuu wangu. Sasa niambie, mwanangu yuko wapi?”

Nilikuwa na majibu mengi ya darasani. Ningemwambia mkondo wa mwezi wa kumi una nguvu gani. Ningemwambia sijaona chochote cha mtu katika matumbo niliyopasua, na ingekuwa kweli, lakini pia ningejua kwamba baada ya miezi minne hakuna ambacho ningeweza kuona. Nilitazama mikono yake iliyojaa mafuta ya nguruwe, nikasema neno ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa dawa au dhambi.

“Bibi, kama yumo, chakula hiki kinamuua.”

Kijiko kilisimama.

“Wale themanini,” nikasema, “na wa jana, na wa juzi. Ini lao limeoza kwa mafuta. Utumbo umechubuka kwa hayo machicha.”

Bibi akafunga mlango, akafuta mikono kwenye suruali yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

“Ale nini basi?”

Nikamwandikia, kama daktari anavyomwandikia mgonjwa. Siku nne bila chakula. Kisha punje kidogo, zilizochanganywa na kitunguu saumu na unga wa vijidudu wazuri niliouleta kutoka maabara, ili kijiji kile kipate wenyeji tena. Alinirudishia kila neno mpaka akahakikisha ameshika.

Jioni Thoa alinisindikiza mashuani. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku ameshika kamba ya mashua, haiachii.

“Nimewaambia watu alizamia nje ya kizimba,” akasema. “Na Mama, bibi yako, nimemwambia hivyo.”

“Najua.”

“Alishukia kwenye ule mlango wa sebuleni, Diem. Alikuwa ndani. Tundu la wavu lilikuwa kubwa, labda mkondo ulimpitisha humo ukamtoa. Labda. Mimi kila siku nasema labda.” Akaiachia kamba. “Usimwambie.”

Sikumwambia.

Bibi alishika kazi ya kulisha, hakumruhusu hata Thoa kugusa kopo la kupimia. Siku zile nne za njaa, Thoa alinisimulia, Bibi alikaa juu ya mlango ule mchana kutwa huku ukigongwa chini yake, akiubembeleza ubao kwa kiganja: vumilia, daktari amesema. Yeye mwenyewe hakula. Kufikia mwezi wa nne samaki waliacha kufa. Nilipopasua mmoja, ini lilikuwa jekundu, utumbo mzima. Nilifurahi kama mtu wa maabara, kisha nikakumbuka kwamba wanakaribia kuvunwa.

Mashua kubwa ya wanunuzi ilikuja mwezi wa sita. Bibi alikuwa amevaa nguo yake nzuri na amejifunga kitambaa cheupe cha msiba. Aliwasha udi, akauchomeka ukingoni mwa mlango uliofunguliwa. Vijana wa nyavu walitazamana, mmoja akavua kofia, kisha wote. Walifanya kazi bila ile mizaha yao ya kawaida. Kila kapu lilipopita, Bibi aliinamisha kichwa.

“Wanapelekwa wapi?” akaniuliza.

“Kiwandani, Bibi. Halafu ng'ambo. Mbali.”

“Kuna watu watakaowala?”

“Ndiyo.”

Akafikiri. “Hao watu wana watoto?”

“Wengine wanao.”

“Haya,” akasema. Injini ilipowaka alisimama akiitazama mashua mpaka ilipopinda kisiwani, ndipo akafungua kile kitambaa na kukichoma juu ya bamba la jiko, kama inavyochomwa siku ya kumaliza matanga. Thoa alilia siku hiyo, kwa mara ya kwanza mbele yetu. Bibi hakulia.

Kizimba hakikujazwa tena. Thoa aliiuza nyumba, sasa anashona nguo Long Xuyen. Bibi anaishi nchi kavu kwa mama yangu, ana miaka themanini na moja. Bado anakula vizuri, ila mezani akiletewa samaki huuliza kwanza ametoka wapi. Akiambiwa wa mtoni, anaisogeza sahani. Akiambiwa wa baharini, hukaa ameshika vijiti vyake vya kulia, anafikiri, kwa sababu anajua mto Hau unaishia wapi.