Masaa Saba Mpaka Maskati

Jumamosi asubuhi Mama Tumpe alikuwa jikoni kwake Chimala anachambua mchele wa Madibira, ungo uko magotini. Ukuta wa nyuma ukafunguka upana wa mlango. Upande wa pili kulikuwa na jiko lenye vigae vyeupe, na binti yake Tumpe anaosha masufuria.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekonda.”

“Ongea taratibu. Madam kalala.”

Isaka, wakala aliyempeleka Tumpe kazi za ndani, siku ile alikuwa amesema kutoka uwanja wa Songwe mpaka Maskati ni masaa saba tu angani. “Mama, basi la Iringa likikuta lori limelala barabarani, linachelewa kuliko ndege.” Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Sasa mwaka wa tano unaanza, na pasipoti ya Tumpe iko kwenye kabati la madam, imefungiwa.

Mama alimshika mkono akamvuta. Mkono ukapita mpaka begani. Mwili ukagoma. Wakajaribu kwa kichwa, wakajaribu kwa miguu. Jirani Bertha, aliyekuja kuomba moto, akamshika mama kiunoni akavuta naye. Hamna kitu.

“Kumbe Maskati ni hapa tu,” Bertha akasema, anahema. “Na sisi tulimsindikiza mpaka Songwe na gari la Noah, watu tunatapika njia nzima!”

Tumpe akacheka. Akaziba mdomo haraka, akaangalia mlango wa nyuma yake.

Mchana akaja afisa mmoja wa mambo ya mipaka. Akapitisha mkono, akaurudisha, akasema ukuta uko sawa. Mtu hawezi kutoka bila pasipoti. Mikono sheria haijaitaja.

“Sasa mwanangu anarudi lini?”

“Hilo muulize wakala.”

Isaka akafika na pikipiki. Hakukaa.

“We mama si una bahati? Wenzio wanaongea na watoto kwa simu, bando likiisha basi. We unamshika kabisa.”

“Mkataba umeisha, Isaka.”

“Umeisha kwetu. Kwa madam bado.”

Mama Tumpe akamtupia ungo. Mchele ukamwagika mpaka kwenye vigae vya Maskati. Isaka akajipangusa shati, akawasha pikipiki.

Kelele zikamwamsha madam kwenye usingizi wa mchana. Akaingia jikoni, akaangalia mchele, akaangalia ukuta, akamwangalia Mama Tumpe. Akapitisha mkono, akashika mkono wa mama juu ya kiwiko, akauminya kidogo, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Akasema kitu.

“Anasema una nguvu,” Tumpe akatafsiri.

“Mwambie nataka mtoto wangu.”

Tumpe akamwambia. Madam akatikisa kichwa kukubali kwamba amesikia, akatoka, akarudi na beseni la mashati machafu. Akaliweka chini, pale ukuta ulipofunguka.

“Hayo ni ya kwangu kufua,” Tumpe akasema. “Kulikuwa na wageni. Sijalala tangu juzi.” Alikuwa amesimama, macho yanajifumba yenyewe.

Mama Tumpe akasema maneno ya Kinyakyusa ambayo Tumpe hakumtafsiria madam. Bertha akasonya.

“Lala, mwanangu. Lala hapohapo chini.”

Tumpe akajilaza kwenye vigae, akasinzia. Mama akapitisha mikono yote miwili upande wa pili. Ikapita bila shida. Akasugua kola ya shati la kwanza kama anachuna ngozi ya mtu.

Ikatakata sana. Madam akafurahi, akaleta na mashuka.