Pesa Zilizooshwa kwa Ukwaju

Ilikuwa mwaka 2004, majira ya majani kupukutika, Mzee Muhiddin alipoitwa mwongo kwa mara ya kwanza katika umri wake wa miaka sabini na mmoja, tena kwa maandishi, na mtu asiyemjua kwa sura.

Wiki mbili kabla ya hapo, akiwa sebuleni mwake Walthamstow, alikuwa ameuza kwenye mnada wa mtandaoni pesa kumi na mbili za shaba za Mombasa, sarafu zilizotolewa mwaka 1888, zenye picha ya mizani upande mmoja. Alizirithi kwa babaye. Zilimpatia pauni mia moja na arobaini, naye akamnunulia mkewe, Bi Swabra, koti la sufu, maana lile la zamani lilikuwa limetoboka viwiko. Sasa mnunuzi, bibi mmoja wa Queensbury, humo humo London, aitwaye Usha, alitaka arudishiwe fedha zake. Pesa alizopokea, aliandika, si zile alizoonyeshwa pichani. Za pichani zilikuwa za kahawia iliyokolea, kama wakusanyaji wazipendavyo. Hizi zilimetameta kama vifungo vya askari. Wenye mnada walimpa Muhiddin siku saba za kujibu, la sivyo jina lake lingefutwa miongoni mwa wauzaji.

Kabla ya kuhamia London kumfuata mwana wao, Msabaha, Muhiddin alikuwa karani wa forodha kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakutoka na hata kalamu ya ofisi. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba wako wanunuzi wanaobadilisha mali kwa siri, kisha wakalia kuwa wamepunjwa. Akaandika kwa Kiingereza cha ofisini, bila kuruka hata nukta moja: yeye alipeleka pesa zile zile, kama zimebadilishwa, zimebadilikia Queensbury. Akaituma barua.

Jibu lilikuja jioni ile ile, nalo halikuwa na neno hata moja. Ilikuwa picha: pesa kumi na mbili zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, ziking'aa. Muhiddin akasogeza miwani. Pesa ya tatu ilikuwa na kovu ukingoni, pale babaye alipoigonga patasi kupima kama ni shaba tupu. Kovu lile alilijua tangu utotoni.

Zilikuwa zake.

"Mama Msabaha," aliita, "zile pesa nilizokupa uzifunge, ulizifunga tu?"

Bi Swabra akatokea jikoni, upawa mkononi. "Nilizifunga. Baada ya kuziosha, bila shaka. Nilizilaza kwenye ukwaju tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikazisugua kwa chumvi, zikatakata kama sinia za harusi. Enhe, amefurahi?"

Katika miaka arobaini na minne ya ndoa yao, hakuna kitu kilichotoka katika nyumba ya mwanamke huyu kwenda kwa mtu bila kuoshwa. Hata bakuli la jirani lilirudi kwa mwenyewe likiwa safi kuliko lilivyokuja. Muhiddin akamweleza yote, polepole.

"Kwani ulitaka nimpelekee mtu vitu vimeingia weusi?"

"Huo weusi ndio wanaoununua."

"Hao Wazungu?"

"Huyu si Mzungu. Anaitwa Usha."

"Basi Usha naye amelelewa, anajua usafi ni nini." Kisha akaketi, na sauti ikamshuka. "Kumbe ni mimi niliyekufanya uitwe mwongo."

"Nami nimemwita mwizi. Tumetoshana."

Bi Swabra hakucheka. "Koti litarudi dukani."

"Haliendi popote. Nitalipa kwa pensheni yangu."

"Utalipa kwa kosa gani, Baba Msabaha? Mkono uliosugua ni huu. Upatu wangu nimeupokea Ijumaa."

Muhiddin alitaka kukataa. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alipomtazama aliona kwamba akimnyang'anya mkewe deni hilo, atamwachia aibu tu. Akayameza.

Usiku huo alimwandikia Usha mistari mitano: kosa ni letu, nilikushuku bila haki, niwie radhi. Fedha zingeweza kurudishwa kwa kompyuta, lakini Bi Swabra alisema yeye haombi radhi kwa mashine. Usha akakubali waje kwake.

Jumamosi walishika treni hadi Queensbury. Aliyewafungulia alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, uso umekaza. Aliwakaribisha kwa Kiingereza kifupi, akawaonyesha viti. Pesa zilikuwa mezani, zimewekwa ndani ya bahasha.

Bi Swabra hakungoja chai. "Mwambie," alimwambia mumewe, "nilizisugua mimi. Mwambie nilidhani ndiyo heshima."

Kabla Muhiddin hajafungua kinywa, Usha aliuliza kwa Kiswahili cha Mombasa kisicho na doa, "Ulitumia ukwaju?"

"Na chumvi," alisema Bi Swabra, akimkodolea macho.

"Mamangu, kule Mombasa, alitumia ndimu. Kila ikikaribia Diwali alitusuguza vyombo vyote vya shaba, mpaka vidole vikatuchonyota." Uso wake ulikuwa umelegea. "Nami niliandika maneno makali, mzee wangu. Nilikuuma."

"Nilikuuma zaidi, dada Usha," alisema Muhiddin. "Nimekuja nikiona haya."

"Basi yameisha. Niachieni pesa zangu hivi hivi, nanyi mrudi na fedha zenu."

"La, mdogo wangu," alisema Bi Swabra. "Ulinunua za kahawia, na sizo nilizokuletea. Ukizipenda hizi, ni zawadi yako. Lakini fedha zako utazipokea."

Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti saba za pauni ishirini ishirini, akamwekea Usha kiganjani moja baada ya nyingine, kisha akamkunjia vidole juu yake.