Kofia ya Kabati la Kioo

Mume wangu Sandy Imrie alicheza winga ya kushoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliichezea Uskoti mara moja, ugenini, huko Ulaya bara. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wazima wenye digrii waliokufa wakiamini kwamba ni uongo.

Msimu uliofuata goti lilimharibikia na klabu ikamtema. Wenzake walifungua baa au walirudi mgodini. Sandy alikwenda chuo cha mazoezi ya viungo, akakaa darasani na vijana waliokuwa wakimwomba sahihi, akatoka mwalimu. Mimi pia nilikuwa mwalimu, lakini nilipoolewa halmashauri ilinitoa kazini, maana mwanamke mwenye mume hakuruhusiwa kufundisha. Kwa hiyo tulimtegemea yeye peke yake. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha mpaka leo.

Alipata kazi mjini, kwenye shule ya watu wenye nazo. Pale ilichezwa raga tu. Soka ulikuwa mchezo wa watoto wa wachimba makaa, na kijana akikutwa anapiga danadana uani alichapwa mkanda. Aliyeagizwa kumchapa ni Sandy.

Mwalimu Mkuu, Dokta Pringle, alimchukua kwa majaribio ya mwaka mmoja na kumwahidi ukuu wa idara. Alipenda kuwaambia wazazi kwamba mwalimu wake wa viungo ni mchezaji wa taifa. Ukumbini palikuwa na kabati la kioo lililojaa kofia za mahameli zenye vishada, tuzo walizopewa wanafunzi wa zamani walioichezea Uskoti raga. Jumamosi moja alikuja kwetu kunywa chai, akala vimkate vyangu vya skoni, kisha akasema siku ya kuwatuza wanafunzi angependa kofia ya Sandy nayo iingie kabatini.

Sandy hakuwa na kofia. Enzi hizo kofia ya soka ilitolewa kwa aliyecheza dhidi ya Waingereza, Wawelisi au Waayalandi tu. Ukicheza na mataifa mengine ulipewa ahsante na tiketi ya treni. Kijijini kwao Auchenbeg hata vikongwe walilijua hilo. Dokta Pringle alikuwa mtu wa raga, hakulijua.

Kaka yangu Dod alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Akasema yuko fundi wa kofia Glasgow anayeweza kushona yoyote.

"Shemeji, mahameli ni mahameli. Nani atakihoji kishada?"

Nilimuunga mkono waziwazi. Ukuu wa idara ulikuja na nyumba, tena ulikuja na haki ya kukaa mezani na walimu wengine badala ya kula mkate wake kwenye stoo ya mipira.

"Netta," Sandy akaniambia, "nikivaa kofia ya kununua, ile mechi nayo itakuwa ya kununua."

Jumatatu akaenda kumweleza Mkuu ukweli wote. Pringle alimsikiliza kwa adabu, akamwambia asiwe na wasiwasi, kila mtu hutia chumvi kidogo anapoomba kazi. Sandy alipojaribu kueleza tena, akapigwapigwa begani. Ukuu wa idara ukaenda kwa sajini mmoja mstaafu aliyewahi kucheza raga jeshini. Sandy akabaki msaidizi, akifundisha kupanda kamba na kuruka farasi wa mbao mpaka mvi zikamjaa. Walimu wenzake walimwita Bwana Kofia, kwa sauti ya chini, wakidhani hasikii. Angekwenda wapi na goti lile?

Siku ya kumuaga alipostaafu tulialikwa ukumbini. Mkuu mpya, aliyewahi kufundishwa na Sandy mwenyewe, alitoa hotuba ndefu, akafungua boksi, akatoa kofia ya mahameli yenye rangi za shule na kishada cha dhahabu. Kofia ya raga.

"Bwana Imrie," akasema, "hatimaye tunakupa ile uliyoikosa."

Ukumbi mzima ulicheka, na kilikuwa kicheko cha kumpenda, ndicho kilichoniuma zaidi. Sandy akainama, akavishwa, akashukuru. Watu wakasimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa, mikono mapajani.

Ndani ya basi aliipakata. Nikamwambia aitupe dirishani. Akasema si adabu, vijana wamechanga. Tulipofika nyumbani aliiweka juu kabisa ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku, kisha akaketi polepole kwa sababu ya goti.

"Jumapili watu wa Auchenbeg wanakuja," akasema. "Usiwaonyeshe, bibie. Wale wanajua nilicheza. Wakiiona hii wataanza kujiuliza."